Fugo

Alifika Uru ndani ya sanduku la sabuni,
mizizi mitatu, minene kama vidole vya mtoto,
imeviringishwa gazeti lililolowa, gazeti la huko.
Anaeli, fundi wa kiwanda cha bia mjini Moshi,
alilishusha kwa mikono miwili kama trei ya mayai.
"Hopsi," akasema. "Ya kale. Wazee wa Kent
waliitia kwenye mapipa kabla reli yetu haijalazwa."
Jina lake lilikuwa la mtu, Fuggle,
lakini mama mkubwa Aikaruwa hana ulimi wa kuhangaikia hayo.
Akamwita Fugo.
Kitu cha kufugwa, basi.

Tulimpanda nyuma ya jiko, ubavuni mwa msesewe,
mti ambao gome lake ndilo uchungu wa mbege yetu
tangu mbege ilipopata jina.
Wawili wenye kazi moja, wakatazamana.

Masika yakaja. Fugo akaota,
akaishika kamba ya katani, akapanda
akizunguka upande wa mishale ya saa,
kinyume kabisa na maharage ya jirani.
Kwa siku moja alimaliza shubiri nzima.
Shina lake lina vinyweleo vinavyokwaruza;
nilikwenda shule na michirizi mikononi,
mwalimu akadhani nimechapwa.

Juni. Majani mpaka kwenye paa.
Ua, hakuna.
Julai. Ua, hakuna.
Anaeli akapiga simu, akasoma, akakuna kichwa.
"Anangoja jua," akasema.
"Kwao mwezi wa sita linatua saa tatu na robo usiku."
Mama mkubwa akaacha kupepeta ulezi.
"Saa tatu usiku? Jua?
Sasa watu wanakula saa ngapi?"

Huku kwetu jua ni mfanyakazi wa zamu:
linaingia kumi na mbili, linatoka kumi na mbili,
halidai, halidaiwi.
Hata saa tunazihesabu kwa mwendo wake.
Na Fugo alikuwa akingoja saa ambazo hatukuwa nazo,
kama abiria wa basi lililofutwa zamani,
nani wa kumwambia?

Mama mkubwa akafanya alilolijua.
Akachomoa taa ya vifaranga,
akaitundika juu ya kamba kwa waya,
akawa anaiwasha machweo mpaka saa nne.
"Ukimdanganya mtu, mdanganye vizuri."
Umeme ulipokatika alisimama pale na kandili,
khanga mbili mabegani, anamkemea alale macho.
Nami, kwa kuwa mwanga upo,
nikahamishia hapo kigoda na daftari la hesabu.
Wadudu waliangukia kwenye sehemu na desimali.
Vifaranga wawili walikufa kwa baridi.
Hakulitaja hilo.

Septemba vikatoka vishada kumi na kimoja,
vya kijani, vyepesi,
kama tunda la msonobari lililoshonwa kwa karatasi.
Anaeli akakipasua kimoja: vumbi la njano,
harufu ya udongo nyuma ya jembe, na mnanaa,
na chai iliyosahauliwa kikombeni.
Akanyamaza muda mrefu.
Nadhani alikuwa kwenye chumba fulani cha kupanga, kuna mvua.

Kumi havitoshi pipa. Havitoshi hata ndoo.
Mama mkubwa akavitia kwenye kibuyu kimoja cha mbege,
akakifunika kwa jani la mgomba, akangoja.
Akaonja. Akatema jani. Akaonja tena.
"Msesewe unakupiga usoni," akasema.
"Huyu anabisha hodi kwanza."
Kisha, akifuta midomo:
"Lakini mbege ni ya msesewe."

Kesho yake taa ilirudi kwa vifaranga.

Fugo bado yupo. Kila masika huishika kamba,
huzunguka vilevile, hufika paa,
na kumi na mbili jioni jua huzama kama ada,
naye huendelea kuwa majani.
Mbuzi wanampenda.